Kambi ya Upinzani Nyumbani kwa Breki

Mimi ndiye niliyekaa upinzani muda mrefu kuliko mtu yeyote katika nchi hii, na sijawahi kugombea hata ujumbe wa kamati ya shule. Viongozi wa upinzani wamekuja watano au sita, wakafuga ndevu, wakanyoa, wakakosana na vyama vyao, wakaenda zao. Mimi nikabaki. Bunge langu lilikutana kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na upande wa serikali alikaa mume wangu.

Yeye nchi nzima inamwita Breki. Jina hilo alibandikwa na gazeti lisilompenda, ili watu wamcheke, naye akalipokea kwa mikono miwili. "Gari lisilo na breki halifiki," alisema kwenye mkutano uliofuata, na umati ukampigia makofi hadi mhariri wa gazeti lile akajuta.

Zamani alikuwa mwalimu wa nidhamu. Siasa aliingia kwa sababu ya mnara wa saa uliokuwa katikati ya makutano ya barabara mjini kwetu. Halmashauri ilitaka kuubomoa ili barabara ipanuliwe, na hata saa yenyewe ilikuwa imekufa siku nyingi. Mume wangu alikwenda kwenye kikao na vumbi la chaki mkononi, akaomba nafasi, akasema: "Saa hii haisemi kweli, lakini angalau haijawahi kugeuza kauli." Watu wakaangua kicheko, kisha wakafikiri, kisha wakapiga makofi. Mnara ukabaki. Msongamano wa magari nao ukabaki, na mwaka uliofuata yeye akawa diwani.

Kutoka hapo alipanda ngazi bila haraka, maana haraka haraka haina baraka, methali aliyoipenda kuliko jina lake. Akawa mbunge. Akawa Waziri wa Elimu, akarudisha soksi ndefu na gwaride la asubuhi. Akawa Waziri wa Mambo ya Ndani, akarefusha vifungo magerezani na foleni mipakani. Halafu wakubwa wawili wa chama wakapigania uwaziri mkuu hadi wakachafuana wasitazamike, na vita vya panzi ni furaha ya kunguru. Chama kikatafuta mtu ambaye hakuna aliyekuwa amemkasirikia vya kutosha, kikamkuta mume wangu amekaa anangoja, suti imepigwa pasi.

Misimamo yake haikuhitaji kitabu. Kodi iwe ndogo na adhabu iwe kubwa. Mila zisiguswe bila sababu, na sababu zenyewe zichunguzwe. Mtu asiingoje serikali imfanyie jambo ambalo shangazi yake anaweza kumfanyia. Haya yote aliyafupisha kwa maneno manne yaliyobandikwa kwenye kila nguzo ya umeme: Serikali Ndogo, Familia Kubwa.

Niseme mapema kwamba mengi nilikubaliana naye. Kura yangu alikuwa akiipata kila mara, tena bila kuiomba. Mimi ni mpima ardhi, na mpima ardhi anajua thamani ya jiwe la mpaka linalobaki pale lilipowekwa. Mtu asije akadhani hapa anasoma maneno ya mwanaharakati.

Bunge la Jumapili lilianza alipokuwa diwani. Alikuwa msemaji hodari maadamu hakatizwi. Akikatizwa, ulimi ulikuwa unamganda, masikio yanakuwa mekundu, na hotuba inafia pale pale. Mimi kazi yangu ilikuwa kusimama shambani katikati ya ndugu wawili wenye majembe, kila mmoja akiapa kwamba mpaka unapita kwa mwenzake, kwa hiyo kelele hazikunitisha. Nikamwambia, "Simama hapo kwenye zulia. Mimi nitakukatiza mpaka uzoee."

Akazoea. Akaweka na kanuni, kama ilivyo tabia yake. "Uliza kama adui, usiulize kama mke," alisema. "Na kikao kikifungwa kimefungwa. Ya bungeni hayaendi jikoni." Mimi nilikuwa nainua kidole, nauliza, yeye anajibu. Jibu likiwa bovu narudia swali hadi linyooke. Ikafika mahali maswali ya wapinzani wa kweli yakamchosha, kwa sababu alikuwa ameshayasikia kwangu yakiwa makali zaidi. Akawa na mazoea ya kusimama kujibu kabla muulizaji hajamaliza. Magazeti yalisema huo ni umahiri. Ukweli ni kwamba alikuwa hawasikilizi.

Spika tulimpata baadaye, mama mkwe alipohamia kwetu.

Mama mkwe alimlea mwanawe peke yake kwa cherehani. Aliteleza bafuni akavunjika nyonga, na kabla nyonga haijaunga akapata kiharusi kilichompoozesha upande wa kushoto. Akili yake haikupata hata mkwaruzo. Tulimpa chumba kilichopakana na sebule, na Jumapili tulikuwa tunaufungua mlango wote ili asikie tunachobishana. Wiki ya pili tu akagonga ukingo wa kitanda kwa kijiko, akasema, "Waheshimiwa, hamna adabu, mnasema wote kwa pamoja." Tangu siku hiyo tukahamishia kikao chumbani kwake, na hakuna aliyesema neno bila ruhusa yake.

Mtu aliyelala upande mmoja lazima ageuzwe. Usipomgeuza, ngozi inakufa na vidonda vinaingia hadi mfupani. Unakunja goti lake, unaweka mkono mmoja begani na mwingine nyongani, unamvuta kuja kwako taratibu, kisha unapanga mto katikati ya magoti na mwingine mgongoni. Saa mbili zikipita, unarudia, mchana na usiku. Kazi hiyo nilikuwa naifanya mimi. Nilikuwa nimeombwa niache upimaji "kwa muda", nami nikaacha, kwa sababu nilimpenda yule mama na bado nampenda.

Kuajiri muuguzi hakukuwezekana. Mume wangu alikuwa amesema mbele ya kamera, mwaka wa uchaguzi, kwamba mama yake hatatunzwa na mtu wa mshahara. "Upendo hauna mshahara," alisema, na maneno yale yakaenda mbali kuliko yalivyostahili. Tangu hapo muuguzi akionekana anaingia getini kwetu, kesho yake serikali inachekwa. Geti lilikuwa na askari wanne wa kulipwa, wakipokezana zamu na likizo. Kitanda kilikuwa na mimi. Msimamo wa serikali ulikuwa na mgongo, na mgongo wenyewe ulikuwa wangu, na ulikuwa unauma.

Sasa, mwenzangu wa zamani kazini tulikuwa tunamwita Futi, kwa sababu hata ukimwalika harusini atapima meza kwa macho. Siku moja akanipigia simu.

"Shemeji, mimi magoti yamekataa kupanda vilima," alisema. "Ofisi nataka nikuachie wewe. Usipokuja Jumatatu ya pili kuanzia leo, nawapa wale wa jengo la vioo, wameshaniletea keki."

"Futi, hizo mashine za siku hizi mimi sizijui."

"Mashine utafundishwa. Jicho halifundishwi. Njoo, bwana."

Nilikata simu nikajikuta nimesimama katikati ya jikoni, nanyoosha mkono, nafumba jicho moja, napima dirisha na mti wa jirani kama zamani. Nilikuwa nataka kazi ile. Niliitaka, na sikuona haya.

Jioni nikamwambia mume wangu, kama mke.

"Futi ananiita kazini. Jumatatu ya pili ndiyo mwisho."

Alikuwa anavua viatu. "Hilo ni jambo kubwa," alisema. "Tutazungumza."

"Tuzungumze sasa."

"Mke wangu, wiki ijayo nina Muswada wa Walezi. Huo ukiisha, tutazungumza."

Muswada wa Walezi ulikuwa wa upinzani. Ulisema mtu anayemtunza mgonjwa nyumbani apewe likizo yenye malipo, serikali imtumie msaidizi mara kadhaa kwa wiki, na kazi yake imngoje. Mume wangu alikuwa anaupinga kwa moyo wake wote. Aliona kwamba serikali ikianza kugeuza wagonjwa, familia zitasahau kwamba ni kazi yao. Hakuona kichekesho chochote, na nilipomtazama usoni niliamini kwamba haoni.

Hapo ndipo nilipokuwa nimejipumzishia miaka yote hiyo. Nilikuwa nimejiambia: huyu mume wangu ni mtu mwema asiyeona. Asubuhi alikuwa anasimama mlangoni, "Mama, umeamkaje?" Jioni alikaa kwenye kiti kando ya mlango akamsomea mama magazeti, akiruka katuni zinazomhusu yeye. Aliporudi safari alimletea machungwa laini. Lakini hakuwahi kuvuka miguu ya kitanda. Ilipofika saa ya kumgeuza, alikumbuka simu. Nami nikasema moyoni, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, nikamsamehe.

Jumapili bunge likakaa. Mama mkwe akagonga kijiko, akaomba waheshimiwa wazime simu. Mume wangu alisimama karibu na kabati, kifungo cha koti kimefungwa, kwa sababu alisema sauti haitoki vizuri koti likiwa wazi. Nikamuuliza habari ya gharama, akajibu. Nikamuuliza habari ya nchi jirani, akajibu kwamba nchi jirani ina majirani wake wa kuiga. Nikamuuliza kama hana huruma, akasema huruma ndiyo iliyomleta pale. Alikuwa moto siku ile.

Nikainua kidole tena. Sikuwa nimepanga. Labda nilipanga bila kujiambia.

"Mheshimiwa Spika," nilisema, "waziri mkuu anaweza kuliambia bunge hili ni lini mara ya mwisho alipomgeuza mama yake kitandani?"

Masikio yakawa mekundu kama enzi za udiwani.

"Mheshimiwa Spika," alisema, "swali hilo ni la binafsi. Liko nje ya kanuni."

Mama mkwe alikuwa anatazama dari.

"Muswada ni wa walezi," alisema. "Swali linahusu ulezi. Naliruhusu. Mheshimiwa, jibu."

"Spika, naomba muda nikusanye taarifa."

"Taarifa ya nini, baba? Mimi niko hapa."

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikajikaza kisabuni. Mume wangu alitazama saa yake, kisha akatazama zulia. Mwishowe akasema atalijibu kwa maandishi, na kikao kikaahirishwa. Tulipofika jikoni niligeuka nikamwambia, "Swali lile ni la kweli." Akanikumbusha kanuni, kwa upole kabisa, kwamba ya bungeni hayaendi jikoni.

Lakini mimi nilikuwa namjua. Swali lililomshinda haliachi. Wiki ile nilimsikia bafuni akinong'ona, anajaribu sentensi, anaifuta, anaanza nyingine. Msemaji wake, binti mchapakazi tuliyemwita Simu Mbili kwa sababu hajawahi kuonekana na moja, alikuwa amemwandalia majalada kuhusu gharama na takwimu. Akaniuliza mezani, "Mama, Mheshimiwa yuko sawa? Majalada hajayafungua." Nikamwambia yuko sawa, anajiandaa.

Alhamisi muswada ukasomwa. Sisi tulikuwa na redio dirishani. Saa ya kumgeuza mama mkwe ilikuwa imefika, kwa hiyo nilikuwa nimemshika bega na nyonga, naye amenishika shingo kwa mkono ule mzima, wakati kiongozi wa upinzani aliposimama. Huyu wa sasa wanamwita Profesa, mtu mpole anayeongea kwa asilimia. Alisema, "Mheshimiwa Spika, napenda kumuuliza waziri mkuu kama anafahamu ni asilimia ngapi ya..."

Hakumaliza. Kiti kikalia, na nikajua mume wangu ameshasimama.

"Mheshimiwa Spika," alisema, kwa sauti ile niliyomfundisha mwenyewe, "jibu ni kwamba sijawahi."

Nikasimama hivyo hivyo, nimemning'iniza mama wa watu nusu hewani.

"Sijawahi kumgeuza mama yangu," redio ikaendelea. "Si jana, si juzi, si mara moja. Najua hugeuzwa kila saa mbili. Najua hata usiku, kwa sababu huwa niko macho, nasikia. Kazi hiyo hufanywa na mke wangu, ambaye kwa taaluma ni mpima ardhi. Nilimwomba aache kazi yake kwa muda. Muda huo sikuuwekea mwisho, kwa sababu sikutaka ufike. Nashukuru kwa swali. Na kwa sababu hizo, Mheshimiwa Spika, serikali inaupinga muswada huu na inawaomba wabunge waukatae."

Akaketi. Jibu lilikuwa limekamilika, lina mwanzo na mwisho, ila lilikuwa la bunge lingine. Baadaye aliniambia kwamba aliona kidole kikiinuka, akasikia swali langu, na alikuwa amekwisha kulimaliza ndipo alipouona uso wa Profesa.

Kwanza kilisikika kikohozi. Kisha mtu mmoja akapiga makofi, kisha wa pili, halafu pande zote mbili zikasimama. Hata Spika wa kweli alisahau kugonga meza. Mtangazaji akasema hajawahi kushuhudia ujasiri wa namna ile. Muswada ukapigiwa kura ukaanguka.

Nilimlaza mama mkwe upande wake, nikapanga mito.

"Kumbe anajua," mama mkwe alisema.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilidhani hajui. Nikawa namwombea Mungu amfungue macho." Akaitazama redio. "Na usiku yuko macho. Anasikia."

Mimi nami nilikuwa nimechomwa mahali pale pale. Miaka yote ile nilimsamehe kwa kuwa haoni, na alikuwa anaona. Alikuwa amelala kitandani karibu yangu, macho wazi, akingoja niamke, akisikia ninavyohema nikimbeba mama yake, akisubiri nirudi. Hasira ilinipanda hadi nikaona giza. Nilitoka nikaenda kwenye korido, nikampigia Futi, nikamwambia Jumatatu nipo. Akauliza kama nimesikiliza redio. Nikamwambia hapana.

Simu Mbili alifika kabla ya mume wangu, simu zote zinaita. Asubuhi ile alikuwa nusura azimie, lakini mchana upepo ulikuwa umegeuka. "Mama, watu wanalia barabarani!" alisema. "Wanasema hatimaye kiongozi mkweli. Tumepanda, tumepanda vibaya sana!" Nikamuuliza kama kuna aliyeuliza kuhusu yule mpima ardhi. Akatazama simu moja, akatazama nyingine. "Bado," alisema.

Mume wangu aliingia jua likizama, uchovu umemkaa mabegani. Hakwenda kwa mama. Alinifuata jikoni.

"Umesikia," alisema.

"Nimesikia."

"Nimekosea bunge."

"Umekosea bunge, ukapiga kura ile ile."

"Kusema kweli ni jambo moja," alisema. "Msimamo ni jambo lingine. Siwezi kubadilisha sera ya nchi kwa sababu mimi ni mwoga nyumbani kwangu."

Na hapo, kwa bahati mbaya, alikuwa na hoja. Nilikuwa nimemfundisha vizuri mno.

"Jumatatu naanza kazi," nilisema.

"Tutazungumza..."

"Hatuzungumzi. Nimeshamjibu Futi."

Alivuta kiti akakaa. "Na mama?"

"Mheshimiwa, wewe ndiye mwenye familia kubwa."

Nilidhani atakasirika. Ningependa akasirike, kwa sababu nilikuwa na maneno mengine tayari. Lakini alitazama mikono yake juu ya meza, kiganja juu, kana kwamba ameiazima kwa mtu.

"Unajua kwa nini simsogelei?" aliuliza. "Mama yangu alikuwa ananibeba mgongoni huku anashona. Nikimshika, nitajua amekuwa mwepesi kiasi gani. Nikiwa mlangoni bado sijui."

Nilimpenda kwa maneno yale na nikachukia kwamba nampenda, nikamimina chai ili nisimtazame. Miaka yote hii uzito wa mama yake niliujua mimi, kilo kwa kilo ulivyokuwa ukipungua, na hakuna aliyenionea huruma kwa kuujua. Nikamwambia hivyo. Alikunywa chai ikiwa moto, akaungua.

"Ajiri muuguzi basi," nilisema. "Wacheke."

"Siwezi. Si kwa sababu ya kucheka. Nimewaambia watu wote nchini kwamba hili ni letu sisi. Wapo wasioweza kuajiri, na leo nimewanyima msaidizi. Nikiajiri mimi kesho, nitakuwa mwizi."

Nasema ukweli, hapo nilimheshimu. Alikuwa amejifungia mlango mwenyewe, akaumeza ufunguo, na hakutafuta dirisha.

"Basi sogea kitandani," nilisema. "Nitakuonyesha mara moja."

Ijumaa nilimwonyesha. Jumamosi alisema ana kikao. Jumapili bunge halikukaa, mara ya kwanza tangu udiwani. Mama mkwe hakuuliza.

Jumatatu nilivaa suruali ya kazi na buti, zilikuwa zimekauka zikanibana. Sebuleni nilimkuta Simu Mbili na mpiga picha, taa imeshasimamishwa kwenye miguu yake. Mume wangu alikuwa amekunja mikono ya shati, na baraza la mawaziri limeambiwa lianze bila yeye.

"Picha moja tu," Simu Mbili alisema. "Mheshimiwa amemshika mama. Nchi nzima inaisubiri."

Sauti ikatoka chumbani. "Huyo mwenye taa atoke. Mimi si mnara wa saa."

Taa ikazimwa, ikakunjwa, ikatoka. Simu Mbili akatoka nayo, akiomba radhi kwa simu zote mbili. Mume wangu akanitazama. Nikaona anataka kuniomba nibaki siku hii moja tu, nikaona anavyolimeza ombi lenyewe. Akaingia chumbani. Kwa mara ya kwanza peke yake akavuka miguu ya kitanda.

Nilikuwa nimeshika kitasa cha mlango wa mbele. Nilimsikia akisema, "Mama, nakunja goti." Nikamsikia akihesabu chini kwa chini. Kisha mama mkwe akapiga yowe. Nililijua yowe lile. Alikuwa amemshika nyonga ya upande uliovunjika, kosa nililolifanya mimi wiki ya kwanza. Begi likaniponyoka likaanguka sakafuni, na nikawa nimeshapiga hatua mbili kurudi.

"Mwanangu!" mama mkwe aliita, sauti imejaa maumivu, na nilijua ni mimi anayeniita. "Usije! Ukija, hatajifunza. Nenda!"

Nikasimama. Ndani nikasikia kilio cha mwanamume mzima, kidogo, kama anayekohoa. Kisha sauti ya mama yake, ya chini, haina uspika tena ndani yake.

"Nyamaza, baba. Mkono mwingine weka chini. Hapo. Sasa nivute."

Niliokota begi, nikatoka, nikapita katikati ya askari wakapiga saluti. Nililia njia nzima hadi ofisini kwa Futi, mdomo wazi, watu wananitazama. Lakini sikurudi.